Baba akirudi kutoka machimboni na kikohozi

Familia nyingi zenye watu wao Geita, Chunya au Mererani zinaijua hali hii. Baba anarudi nyumbani amekonda, anakohoa, na akipanda kilima kidogo anasimama kutafuta pumzi. Majirani wanasema ni TB. Anapewa dawa za miezi sita, anamaliza, kikohozi kinabaki. Mwaka unaofuata anaanzishiwa dozi nyingine.

Huenda ni TB kweli. Huenda ni silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mawe yenye silika. Na wapo wenye yote mawili kwa pamoja, ambao ndio wanaonitia hofu zaidi.

Vumbi baya si lile linalotanda kwenye nywele. Ni chembe zisizoonekana kwa macho, zinazopita pua na koo hadi kwenye vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu. Chembe za kinga za mwili hulimeza ili kulisafisha, lakini hufa zenyewe, na pale panabaki kovu. Kinga hiyohiyo ndiyo inayopambana na vimelea vya TB. Ndiyo maana mchimbaji huishikwa na TB kwa urahisi kuliko wengine, hata kama aliacha kuchoronga zamani na sasa ana duka lake mjini. Silikosisi haina dawa ya kuiponya. TB inayo, na kwenye vituo vya Serikali hutolewa bure.

Kwa hiyo akienda hospitali ataje kazi yake. Asiandikishe tu "mkulima" halafu akanyamaza. Aseme alichoronga au alisaga mawe kwenye karasha, na kwa miaka mingapi. Picha ya eksirei yenye makovu ya vumbi inaweza kufanana na ya TB, na daktari asiyeambiwa habari za machimbo atakwenda na anachokiona. Hospitali ya Kibong'oto wilayani Siha, inayotibu TB tangu mwaka 1926, imewapokea wachimbaji wengi wa Mererani, hivyo rufaa ya huko si jambo la ajabu kuomba.

Jasho la usiku, homa za jioni, damu kwenye makohozi: apimwe tena, hata kama majibu ya mwaka jana yalikuwa safi. Miguu ikianza kuvimba, huenda moyo umechoka kusukuma damu kwenye mapafu yaliyokakamaa. Maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa kifua na pumzi kukata ni dharura. Pafu linaweza kuwa limetoboka, msisubiri asubuhi. Sigara nayo aiache, maana saratani ya mapafu iko kwenye orodha hii pia.

Silikosisi haiambukizi. TB inaambukiza, na mtoto wa chini ya miaka mitano ndiye wa kukimbizwa kliniki kwanza baba akikutwa nayo. Akionekana hana ugonjwa, atapewa dawa za kinga. Nguo za kazini zisikung'utwe ndani. Zilowekwe kwanza, na baba aoge kabla ya kumpakata mtoto. Mama anayegonga kokoto na mtoto mgongoni, natamani apate mtu wa kumwachia, ingawa najua si rahisi.

Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe hizi. Maji wakati wa kuchoronga husaidia zaidi, na barakoa ya N95 iliyobana vizuri usoni. Wenye maduara wengi hulalamika kwamba maji ni gharama.

Aliyeajiriwa atunze mkataba na hati za mshahara, kwa sababu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) hushughulikia magonjwa yatokanayo na kazi. Anayegawana mawe shimoni bila karatasi yoyote mara nyingi hana pa kudai, na gharama zote zinabaki kwa mkewe na watoto.