KILA CHUPA NA KAZI YAKE



Jioni moja mama mmoja alifika mbio katika zahanati yetu akiwa amembeba mtoto wa miaka miwili. Mtoto alikuwa akikohoa na kuhema kwa shida, na mdomo wake ulinuka mafuta ya taa. Mafuta hayo yalikuwa yamewekwa chini ya kitanda katika chupa ya plastiki ya soda. Mtoto alidhani ni soda. Jirani alikuwa akitaka kumtapisha. Mama alikataa, na alifanya vema. Aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, kwa sababu mafuta huweza kuingia katika mapafu. Apelekwe kwa mganga mara moja. Mtoto huyo tulimpeleka hospitali, akapona.

Baada ya siku hiyo watu wengine walisema chupa zote zitupwe. Mimi sikubaliani nao. Chupa na makopo yaliyotupwa hujaa maji ya mvua, na humo huzaliana mbu anayeeneza homa ya dengi. Plastiki ikichomwa, moshi wake hudhuru mapafu. Mbuzi na ng'ombe humeza mifuko, wakafa. Kutupa siyo dawa.

Dawa ni kutumia chombo tena kwa utaratibu. Tazama chupa ya kioo ya soda. Ukitaka kuondoka nayo dukani, unaacha chupa tupu au fedha ya chupa. Hurudi kiwandani katika kreti, huoshwa, hujazwa tena soda. Huioni jalalani, maana kila mtu ajua ni fedha. Chupa ya plastiki haina anayeidai. Ndiyo maana huishia mtaroni, au chini ya kitanda ikiwa na mafuta ya taa.

Kwa hiyo nashauri hivi:

1. Tukubaliane na wenye maduka watupimie mafuta ya kula katika vyombo vyetu. Chombo kiwe safi, kikavu, na cha mafuta ya kula tu.

2. Mafuta ya taa yawe na kidumu chake chenye alama, kiwekwe juu, mbali na watoto. Yasitiwe kamwe katika chupa ya kinywaji.

3. Twende sokoni na kikapu. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019.

4. Chupa za dawa za mimea na mifugo zisitumiwe tena nyumbani, hata zikioshwa. Isuuze mara tatu, maji hayo yatie katika bomba la kupulizia dawa, kisha uitoboe.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wazee wetu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Nasi tulijadili jambo hili katika mkutano wa kijiji. Kabla ya kununua, kila mmoja ajiulize: Chombo hiki kikiisha kilichomo, kitarudi wapi?

Kinga ni bora kuliko tiba.