Mtoto anakunywa maji sana na anakonda: tusikimbilie kusema ni karuho

Juma hili tunazungumza juu ya ugonjwa wa sukari kwa watoto, kwa sababu hapa kwetu Bukavu unajificha nyuma ya jina lingine. Mtoto anaanza kunywa maji kupita kawaida, anaomba kutoka darasani kila mara kwenda kukojoa, anakojoa tena kitandani hata kama alikuwa ameacha, anakula vizuri lakini anakonda. Majirani wanasema: amepewa karuho. Anazungushwa kwa wenye kutapisha na kwenye vyumba vya maombi, na siku zinapita. Kumbe tone moja la damu ya kidole, kwenye kituo cha afya, lingetoa jibu papo hapo.

Tuelewe kinachotokea. Bugali, ndizi na viazi vinageuka sukari ndani ya damu. Sukari hiyo inapaswa kuingia katika seli ili mtoto apate nguvu. Lakini mlango wa seli haufunguki bila barua. Barua hiyo ni insulini, inayotoka kwenye kongosho.

Tufikirie mtaa wetu. Barua inafika kwa mkubwa wa avenue, anapiga muhuri, anaipitisha kwa nyumba kumi, naye anapiga wake, mpaka mlango wa mwisho ufunguliwe. Ndani ya seli, wapiga muhuri hao wanaitwa kinazi. Muhuri wao ni fosfeti: wanaibandika juu ya protini iliyolala, nayo inaamka na kufanya kazi. Edmond Fischer na Edwin Krebs waligundua jambo hilo ndani ya msuli, kule Seattle, Marekani, miaka ya 1950, na mwaka 1992 walipewa tuzo ya Nobel. Leo wataalamu wanahesabu kinazi zaidi ya 500 katika mwili wa mtu.

Kwa wakubwa wengi wenye sukari, barua inatoka, lakini seli haisikii vizuri. Hao wanasaidiwa na vidonge, chakula cha kiasi na kutembea, kwani msuli unaofanya kazi una kinazi nyingine zinazofungua mlango hata bila insulini. Kupanda milima yetu kwa miguu ni dawa pia.

Kwa mtoto, mara nyingi barua yenyewe haitoki tena. Hapo hakuna majani wala kutembea kunakoweza kuchukua nafasi ya sindano. Mwaka 1922, kule Toronto, Leonard Thompson wa miaka 14 alikuwa karibu kufa. Alichomwa insulini, akaishi miaka 13 zaidi. Basi tuombe, lakini tusiache sindano hata siku moja.

Wamama wanatuuliza: na kama hatuna frigo, au kuraa inakatika? Chupa ambayo haijafunguliwa inahitaji baridi, digrii 2 mpaka 8, bila kuganda. Lakini kwa chupa inayotumika kuna habari njema. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichunguza joto la kambi ya Dagahaley, Dadaab, nchini Kenya: digrii 25 usiku, 37 mchana. Katika matokeo waliyotoa mwaka 2021, insulini iliyokaa majuma manne katika joto la namna hiyo haikupoteza zaidi ya asilimia 1 ya nguvu yake. Bukavu yetu ina baridi kuliko kule. Tuiweke kivulini, ndani ya chungu cha udongo chenye unyevu, mbali na jua na moto, na tufuate maagizo ya muuguzi.

Mambo matatu tuyashike. Mtoto mwenye dalili hizo apimwe leo, si kesho. Akitapika, akipumua kwa nguvu, au pumzi yake ikinuka kama matunda, aende hospitali saa ileile. Na yule anayechomwa sindano akitetemeka na kutoka jasho, apewe haraka chai yenye sukari. Walimu wake waambiwe pia, wamruhusu kula na kutoka.

Katika mkutano wa kikundi, kila mama awaeleze wawili wengine. Nasi tupitishe barua.