Kisukari cha Uja Uzito: Adui Asiye na Kishindo

Askari anayekwenda zamu, au anayetumwa mbali na Kampala, huiacha nyumba yake katika kota za Nsambya, Naguru au Mbuya akiamini kwamba, maadamu posho na maharagwe yamo ndani, mkewe mja mzito hana haja nyingine. Imani hiyo ni ya mtu mwema, lakini haitoshi. Upo ugonjwa usioleta homa wala maumivu, nao ni kisukari cha uja uzito.

Asili yake ni hii. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini mwilini mwa mama, ili chakula kimfikie mtoto. Hiyo ni desturi ya maumbile. Kongosho la mama hupasika kutoa insulini zaidi. Likishindwa, sukari hupanda katika damu. Sukari huvuka hadi kwa mtoto, bali insulini ya mama haivuki. Mtoto hulazimika kutengeneza yake kwa wingi, hunenepa kupita kiasi, na wakati wa kuzaliwa mabega yake huweza kukwama. Kitovu kikishakatwa, sukari ya mama hukoma ghafula ilhali insulini ya mtoto ingali tele. Hapo sukari yake huweza kushuka kwa hatari. Kwa hiyo mtoto wa kilo 4 na zaidi, tunayezoea kumsifu, pengine ni dalili ya kuonya.

Utafiti wa HAPO, uliotangazwa mwaka 2008, uliwachunguza wanawake zaidi ya 23,000 katika nchi 9. Ulidhihirisha kwamba hatari huongezeka kadiri sukari inavyopanda, hata kabla ya kufikia kiwango cha kisukari cha kawaida. Kwa sababu hiyo, mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliweka mpaka wa milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kula. Kipimo kifaacho hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Mkojo peke yake hautoshi, kwani huweza kudanganya wakati wa mimba.

Ama chakula, matoke, posho na mihogo si sumu. Kosa ni wingi wake. Nusu ya sahani iwe nakati, dodo au mboga nyingine; robo iwe maharagwe, samaki au karanga; robo iliyobaki iwe posho au matoke. Soda na chai ya sukari nyingi ziachwe. Usemi kwamba mja mzito hula kwa ajili ya watu wawili hauna msingi: miezi mitatu ya kwanza hahitaji nyongeza, na baadaye huhitaji kiasi cha kalori 340 hadi 450 tu kwa siku. Hata hivyo asijinyime. Watu waliokuwa tumboni wakati wa njaa ya Uholanzi ya 1944-45 walionekana ukubwani kuwa na udhaifu wa kuihimili sukari. Wengi wa wagonjwa hutengemaa kwa chakula na kutembea. Wengine huhitaji dawa au insulini.

Baada ya kujifungua sukari kwa kawaida hurudi mahali pake, lakini mama huyo hatari yake ya kupata kisukari cha kudumu ni mara saba au zaidi ya ile ya mwenzake. Apimwe tena kati ya wiki ya 6 na ya 12, naye anyonyeshe.

Ada katika vituo vya afya vya serikali ziliondolewa mwaka 2001, lakini kipimo hiki hudai muda: mama hufika bila kula, hunywa gramu 75 za sukari, kisha husubiri saa mbili. Mke wa askari huhitaji mtu wa kumwangalizia watoto; askari mwanamke huhitaji ruhusa. Hapa ndipo tunapowaelekea wakuu wa vikosi na vituo. Kumwondoa askari mmoja zamu kwa asubuhi moja ni hasara ndogo. Kumzika mtoto ambaye angeokolewa ni hasara isiyolipika. Nanyi waume, mkiwa mbali, ulizeni kwanza kama kipimo kimefanywa, ndipo muulize habari za gunia la posho.