Cheti cha ndoa kisogezwe mashinani

Mke wa Magarini, Kaunti ya Kilifi, ambaye mumewe yuko ng'ambo anapoomba viza ya kumfuata, jambo la kwanza kuulizwa ni cheti cha ndoa. Mahari ilitolewa, mnazi ukanywewa, wazee wakashuhudia, watoto wapo. Cheti hana.

Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inatambua ndoa za kimila, ila inataka zisajiliwe. Nchi anakoishi mume nazo zina masharti yake: Uingereza, kwa mfano, tangu Aprili 2024, humtaka anayemwita mwenzi wake awe na mapato ya pauni 29,000 kwa mwaka. Sharti hilo hatuliwezi. Cheti tunakiweza.

Tunamsihi Msajili wa Ndoa awapeleke maafisa wake hadi kwa machifu wa Ganze na Magarini. Nanyi wanandoa, jisajilini sasa, kabla safari haijawadia.