Hesabu ya Karibuu Si ya Rubani Peke Yake

Huko kaskazini mwa Kanada yuko mnyama aitwaye karibuu. Ana pembe kama matawi, hula nyasi na majani, na huhama kwa makundi kama nyumbu wetu wa Maasai Mara. Jina lake lasikika kama "karibu", lakini yeye hakaribiki ovyo! Basi nani amhesabu?

Serikali hutumia ndege. Mwezi wa Juni majike hukusanyika mahali pa kuzalia. Baadhi yao wamevishwa shingoni mikanda inayotuma habari kwa setilaiti, na hivyo hujulikana walipo. Ndege hupiga picha, wataalamu huhesabu wanyama pichani, kisha hukadiria kundi zima.

Vyema. Lakini je, wanyama wakienda kwingine? Magharibi ya Ghuba ya Hudson, mwaka 1980, kundi la Kaminuriak lilikadiriwa kuwa na karibuu wasiofika 50,000. Wawindaji wa Kiinuit wakakataa katakata: wanyama wapo, ila hawajatafutwa walipo. Kumbe! Hesabu ya 1982 ilipata zaidi ya 100,000. Mwaka huo huo ikaundwa bodi ya kuwasimamia karibuu, wataalamu na wenyeji wakakaa meza moja.

Hata hivyo, sisemi ndege ziachwe. Kundi la Bathurst lilikuwa na karibuu kama 470,000 mwaka 1986. Mwaka 2018 walibaki kama 8,200. Mikanda ilionyesha kwamba baadhi ya majike walihamia kundi jirani, lakini kuhama peke yake hakuwezi kueleza pengo kubwa namna hiyo. Tangu 2010 uwindaji wa kundi hilo umebanwa sana, na mwenyeji amekosa nyama aliyolelewa nayo.

Ndiyo maana mimi nasema: anayeambiwa aache kuwinda, naye ahesabu. Watlicho wameonyesha njia. Tangu 2016 wawindaji na wazee wao hupiga kambi penye ziwa Contwoyto, wakalifuata kundi la Bathurst na kuchunguza afya ya wanyama, ndama, mbwa mwitu na malisho. Hayo yote rubani aliye juu hawezi kuyaona vizuri. Naye mwindaji hawezi kuizunguka nchi nzima kwa miguu.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Au mwasemaje, wasomaji?