Kungoja na Kutunza: Funzo la Tiba kutoka kwa Mashabiki wa Dreamcast

Tarehe 31 Januari 2001, kampuni ya Sega ya Japani ilitangaza kwamba ingeacha kutengeneza Dreamcast, mashine yake ya michezo ya video, ifikapo mwisho wa Machi mwaka huohuo. Mashine hiyo ilikuwa imeingia sokoni Japani tarehe 27 Novemba 1998 na Marekani tarehe 9 Septemba 1999. Uhai wake kiwandani haukutimiza hata miaka mitatu. Ziliuzwa takriban milioni 9.13 duniani kote, kisha Sega ikajiondoa katika biashara ya mashine na kubaki mtunzi wa michezo ichezwayo katika mashine za wengine.

Zaidi ya miaka 20 imepita, na bado wapo watu Marekani, Ulaya na Japani ambao hawajaanua matanga. Husaini maombi ya kuitaka Sega itengeneze Dreamcast ya pili. Kila uvumi ukizuka, huupokea kama habari njema. Kila Septemba hukumbuka siku ya kuzaliwa kwa mashine ambayo mtengenezaji wake aliizika zamani. Mtu wa nje huwacheka. Mtu wa tiba, hata hivyo, anapaswa kuwasikiliza kabla ya kucheka, kwa kuwa katika habari zao limo jambo linalohusu wodi, chumba cha mazoezi ya viungo na meza ya upasuaji.

Kwanza ifahamike mashine hiyo ilikufa kwa nini, maana tumaini la kuifufua haliwezi kupimwa bila kujua chanzo cha kifo. Dreamcast haikufa kwa ubovu. Ilikuja na modemu ndani yake wakati ambapo kucheza kwa mtandao kutoka sebuleni kulikuwa jambo geni, na michezo yake, kama Shenmue na Jet Set Radio, husifiwa hadi leo. Kilichoiua ni mkusanyiko wa maradhi. Sega ilikuwa na madeni na hasara za miaka iliyotangulia. Kampuni kubwa ya michezo, Electronic Arts, ilikataa kuiandalia michezo. Machi 2000 Sony ikatoa PlayStation 2, mashine iliyocheza pia filamu za DVD, na ambayo hatimaye iliuzwa zaidi ya milioni 150. Mwenyekiti wa Sega, Isao Okawa, aliisamehe kampuni deni alilokuwa akiidai, akairudishia na hisa zenye thamani ya takriban dola milioni 695, kisha akafariki tarehe 16 Machi 2001. Fedha hizo ziliiokoa kampuni. Hazikuiokoa mashine.

Kwa hiyo anayengoja Sega irudi uwanjani anangoja jambo ambalo hesabu zote zinalipinga. Je, huo ni ugonjwa? Swali hili si geni katika historia ya tiba. Mwaka 1688, mwanafunzi wa udaktari Johannes Hofer aliwasilisha tasnifu mjini Basel kuhusu watu waliodhoofika kwa kutamani kwao. Hali hiyo akaipa jina la nostalgia, akiunganisha maneno mawili ya Kiyunani, moja la kurejea nyumbani na jingine la maumivu. Kwa muda mrefu madaktari wa Ulaya waliihesabu kuwa ndwele halisi, ikahusishwa hasa na askari wa Uswisi waliotumika ugenini. Leo hakuna daktari anayemwandikia mgonjwa dawa ya hamu ya zamani. Tiba ilijifunza, polepole, kwamba si kila uchungu wa moyo ni maradhi.

Funzo hilo linafaa kukumbukwa sasa, kwa sababu Shirika la Afya Duniani limeingiza tatizo la uraibu wa michezo ya video katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Vigezo vyake ni vizito: mtu ashindwe kujizuia, aupe mchezo nafasi ya kwanza kuliko shughuli nyingine za maisha, aendelee ingawa anaumia, na kwa kawaida hali hiyo idumu angalau miezi 12. Kupenda mashine ya zamani na kutamani irudi hakumo katika vigezo hivyo. Anayekwenda kazini, anayelea watoto wake, na Jumamosi jioni akaiwasha Dreamcast yake, hana ugonjwa. Ana kumbukumbu.

Swali lenye uzito ni jingine: tumaini hilo linawafanya wafanye nini? Hapo ndipo mashabiki hawa wanapogawanyika makundi mawili, na tofauti kati yao ina mafunzo kuliko yote mengine. Kundi la kwanza linangoja. Linamwandikia mtengenezaji, linamlaumu, linamsihi, na kila mwaka linaanza upya. Kundi la pili lilishika bisibisi.

Mashine ya Dreamcast ina kifaa cha kusomea diski ambacho huchoka kadiri miaka inavyopita, na kipuri kipya cha kiwandani hakitengenezwi tena. Mafundi miongoni mwa mashabiki wakabuni bodi ya kuwekwa mahali pake, ili mashine isome michezo kutoka katika kadi ndogo ya kumbukumbu. Ndani yake imo betri ndogo ya saa iliyolehemewa. Betri hiyo ikifa, kila mashine inapowashwa humtaka mwenyewe aweke tena tarehe na saa. Mashabiki wakafundishana kuing'oa na kuweka kishikizo, ili siku nyingine ibadilishwe bila kulehemu. Seva rasmi za kuchezea kwa mtandao zilipofungwa, wakajenga seva zao. Na kwa kuwa nyumba nyingi hazina tena simu za waya, walitumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu, kuihadaa modemu ya zamani idhani kwamba bado inapiga simu. Wengine wameandika programu huria, ikiwamo KallistiOS, ambazo kwazo michezo mipya ya Dreamcast inaendelea kutungwa hadi sasa.

Ipo kejeli moja katika habari hii. Dreamcast iliwekewa uwezo wa kuanza kazi kwa kutumia diski za kawaida za aina iitwayo MIL-CD. Wezi wa michezo waliugundua mwanya huo, nao ukaongeza jeraha juu ya majeraha ya Sega. Lakini mlango uleule waliopitia wezi ndio uliowapitisha baadaye watunzaji. Mashine zilizofungwa barabara, wenyewe wakifa hufa nazo. Hii ilikuwa na ufa, na kupitia ufa huo maarifa yaliingia na kubaki.

Kwa namna hiyo, kundi la pili lilipata kile ambacho la kwanza lilikiomba. Mashine haikurudi madukani, lakini inafanya kazi.

Sasa watu wa tiba waangalie nyumbani kwao. Mashine za michezo zilikwisha kuingia hospitalini zamani. Wataalamu wa fiziotherapia katika nchi nyingi waliitumia Wii ya Nintendo, pamoja na ubao wake wa kusimamia, kuwazoeza wagonjwa waliopooza kwa kiharusi na wazee waliokosa uwiano wa mwili. Kamera ya Kinect ya Microsoft, iliyotambua mwendo wa viungo bila mgonjwa kushika chochote, ilivutia watafiti wengi wa urekebishaji. Kisha Nintendo ikaacha kutengeneza Wii mwaka 2013, na Microsoft ikaacha Kinect mwaka 2017. Kampuni hizo hazikuvunja ahadi yoyote kwa wagonjwa, kwa kuwa hazikuwa zimetoa ahadi. Ziliuza vitu vya kuchezea. Kosa, kama lipo, ni la aliyejenga huduma ya afya juu ya kifaa ambacho hakujiuliza kitadumu hadi lini.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Lancet Neurology unalitia jambo hili mwanga wa pekee. Wagonjwa 141 waliopata kiharusi karibuni waligawanywa: wengine walizoezwa mkono kwa Wii, wengine kwa michezo ya kawaida kama karata na bingo. Makundi yote mawili yaliendelea vizuri, wala Wii haikuonyesha ubora juu ya karata. Karata hazina kiwanda kimoja kinachoweza kuzisitisha kwa tangazo la siku moja. Daktari anayechagua kati ya vitu viwili vyenye nguvu sawa ana haki ya kuhesabu pia kipi kitakuwapo mwakani.

Hata hivyo, mazoezi ya mkono yana njia mbadala. Kuna mahali ambapo hakuna. Argus II kilikuwa kifaa kilichopandikizwa ndani ya jicho la mtu aliyepofuka kwa ugonjwa wa retina wa kurithi. Kilikuwa na elektrodi 60, kikipokea picha kutoka kwa kamera iliyofungwa kwenye miwani. Kilimpa aliyekivaa mwanga na maumbo, si uoni kamili, lakini kwa aliyekaa gizani miaka mingi hilo halikuwa dogo. Kiliidhinishwa Ulaya mwaka 2011 na Marekani mwaka 2013, na watu zaidi ya 350 walipandikizwa. Mwaka 2019 kampuni iliyokitengeneza, Second Sight ya California, ilikisitisha, na mwaka 2020 ikawaachisha kazi wafanyakazi wake wengi. Watu wale walibaki na chombo ndani ya macho yao ambacho fundi wake ameondoka. Kifaa cha nje kikiharibika, mwenyewe alibaki kutafuta vipuri kwa juhudi zake. Daktari akitaka kumpiga picha ya MRI, maelezo aliyoyahitaji yalikuwa kwa mtengenezaji ambaye simu yake haikuwa na wa kuipokea.

Shabiki wa Dreamcast na mgonjwa wa Argus II wamepatwa na jambo moja kwa uzito usiolingana. Mmoja amepoteza burudani, mwingine amerudishwa gizani. Lakini shabiki alikuwa na kitu ambacho mgonjwa hakuwa nacho: alikuwa na ufa wa kupitishia maarifa, na jamii ya wenzake waliojua kulehemu.

Yapo majibu mawili ya haki dhidi ya hoja hii. La kwanza ni kwamba kampuni haiwezi kulazimishwa kuendelea na hasara; Sega isingeiacha Dreamcast, huenda leo isingekuwapo. Ni kweli, na hakuna anayedai viwanda visifungwe. La pili ni zito zaidi: kifaa cha tiba kikifunguliwa na asiyekijua kinaweza kuua, ilhali mashine ya michezo ikiharibiwa hasara ni jioni moja. Hili nalo ni kweli. Lakini hofu hiyo inadai maarifa yawekwe mikononi mwa wanaostahili. Haidai yazikwe pamoja na kampuni. Fundi asiye na mwongozo ndiye hatari. Mwenye mwongozo ni mtaalamu.

Kwa hiyo yapo mambo matatu ambayo hospitali, vyuo vya tiba na wizara zinaweza kuyafanya bila kungoja hisani ya mtu. Mosi, kila mkataba wa kununua kifaa, na kila hati ya kupokea msaada, iseme vipuri vitapatikana kwa miaka mingapi, na nyaraka za ufundi ziwekwe amana mahali ambapo zitafunguliwa siku mtengenezaji atakapoacha. Pili, wahandisi na mafundi wa vifaatiba wahesabiwe kuwa sehemu ya timu ya matibabu, wafundishwe na walipwe hivyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 ulipitia orodha za vifaa zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye rasilimali chache, ukakuta takriban asilimia 38 havifanyi kazi, na miongoni mwa sababu kuu ni upungufu wa mafunzo na wa usimamizi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na fundi aliye bara jingine haponyi mashine iliyozimika usiku wa zamu.

Tatu, na hili halihitaji bajeti yoyote: mgonjwa anayeombwa ridhaa ya kupandikizwa kifaa aambiwe, kwa lugha anayoielewa, nini kitatokea kampuni ikifungwa. Huambiwa habari za damu, maambukizi na dawa ya usingizi. Kufilisika kwa mtengenezaji ni athari kama athari nyingine, na kuficha athari hakujawahi kuwa sehemu ya uganga mwema.

Wanaongoja Dreamcast ya pili wana haki ya kungoja, wala hakuna wa kuwapima akili kwa ajili hiyo. Lakini mashine zinazowaka leo katika sebule zao haziwaki kwa sababu Sega ilisikia maombi. Zinawaka kwa sababu mtu alifungua kifuniko, akatazama ndani, akaandika alichokiona ili mwenzake naye aweze. Hospitali inayopokea kifaa kipya leo iulize, kabla ya utepe kukatwa, ni nani kati ya watu wake ataweza kufanya hivyo.