Ukuta Usiofika Juu

Hoja kwamba anayesumbuliwa na sabufa ya jirani abandike trei za mayai ukutani au ahame, imechapishwa mara nyingi mno kuachwa ipite. Siikubali hata kidogo.

Trei ni nyepesi. Hupunguza kidogo mwangwi ndani ya chumba chako, lakini sauti ya jirani haziizuii. Kinachozuia ni uzito wa ukuta na kuzibwa kwa mianya. Sasa ingia katika vyumba vingi vya kupanga hapa Garsen, utazame juu. Ukuta wa bloku kati ya wapangaji wawili umeishia juu kidogo ya mlango. Kilichobaki ni mbao na mabati, paa moja kwa wote. Sauti haina haja ya kupenya: inapita juu na kushuka upande wa pili. Hata kikohozi unakisikia.

Dawa ni kupandisha bloku hadi chini ya mabati, kuziba viungo na kupiga plasta pande zote mbili. Matundu ya hewa yabaki ukuta wa nje, maana joto la kaunti yetu ya Tana River halisamehe chumba kilichofungwa. Kazi hiyo ni ya mwenye nyumba.

Na jirani naye ana mipaka. Kanuni za kelele za 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, zinaweka kikomo cha desibeli 35 usiku katika makazi, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri.

Wenye nyumba wa Garsen, malizeni kuta zenu kabla ya kupandisha kodi.